HERUFI ZETU ZILITOKA WAPI?

Fungueni madaftari. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu: bata, pata, mbata.

Mnaona kuwa maneno haya ni mbalimbali. Lakini zamani mtu wa pwani aliweza kuyaandika yote matatu kwa namna moja. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Barua za namna hiyo, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, zimetunzwa mpaka leo huko Goa, Bara Hindi. Basi Kiarabu hakina sauti ya p. Kwa hiyo herufi moja ilitumika kwa b, kwa p, na hata kwa mb. Vilevile alama moja ilikuwa ya i na e, na nyingine ya u na o. Msomaji ilimpasa aielewe habari kwanza, ndipo asome sawasawa. Baadaye waandishi wengine wa pwani waliazima kwa Waajemi herufi yenye nukta tatu chini, wakaipa kazi ya p.

Mwaka 1844 mmisionari Krapf alifika Mombasa, akaanza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1870 Steere, aliyekaa Unguja, alitoa kitabu chake cha lugha. Kisha serikali ya Wadachi ikazieneza herufi hizo katika shule na ofisi zake. Mzee aliyesoma herufi za Kiarabu tangu utoto akaonekana kama asiyejua kusoma. Hakuwa mjinga, herufi ndizo zilizobadilika.

Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, isimamie maandishi ya namna moja. Q na x hazikupewa kazi. C haisimami peke yake, hufuatwa na h. Na ili tusichanganye sauti ya ngoma na sauti ya ng'ombe, tunaweka kialama juu, kiitwacho ritifaa.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Kisukuma hakina r, na ulimi wetu huleta l. Hiyo si aibu, kwani hata Mwarabu hana p. Lakini kalamu haina budi kutenganisha. Fikirini kijana anayemwandikia kaka yake: "Nimepata mahali." Kaka atadhani amepata pa kujenga. Kumbe alitaka kusema mahari, na ng'ombe wamo zizini wanangoja! Herufi moja tu, na posa imeharibika.

Zoezi. Andikeni sentensi moja kwa kila neno: kula, kura, mahali, mahari. Kisha badilishaneni madaftari, kila mtu asome ya mwenzake kwa sauti. Mkielewana, mmefaulu.