Fizi na Baraka: Kwa nini muziki wa ujana hautoki mtu kichwani

Katika sherehe nyingi za ndoa hapa Baraka, ubishi unaanzia karibu na mabafle. Wazee wanaomba Franco. Watu wa miaka 40 wanataka Bongo Flava ya zamani. Vijana wanaleta simu yao na kuomba iunganishwe. Hapakosi mzee wa kusema: « Hii haiko muziki, iko makelele tu! » Lakini hata yeye, alipokuwa kijana, wazazi wake walimuambia vile vile.

Ubishi huu si wa Fizi peke yake. Wataalamu wameuchunguza kwa miaka mingi.

Masikio yanafanyika wakati gani?

Mwaka wa 1989, watafiti wawili wa Marekani, Holbrook na Schindler, waliwapigia watu 108 vipande vya nyimbo zilizotoka kati ya 1932 na 1986. Walikuta kwamba mtu anapenda zaidi nyimbo zilizotoka alipokuwa na miaka karibu 24.

Sababu si ngumu kuelewa. Katika ujana ndipo mtu anapata marafiki wake wa kweli, anapenda kwa mara ya kwanza, anaanza kujijua yeye ni nani. Wimbo unaopigwa siku hizo unashikana na mambo hayo yote. Miaka 30 baadaye, ukisikika tena, unarudisha watu na mahali.

Mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa kazi iliyogusa watu zaidi ya 250,000. Walionyesha kwamba kijana anapenda muziki mkali, wenye nguvu. Akifikia umri wa kutafuta mchumba na kujenga nyumba, anapenda muziki wa kucheza na ule mtulivu wa mapenzi. Akizidi kukomaa, anapenda zaidi nyimbo za kutuliza roho au za kufikirisha. Tena, kazi na watoto vinapunguza nafasi ya kusikiliza.

Hapa kwetu, vita ilihamisha ujana

Mtu mwenye miaka 60 leo alikuwa kijana wakati wa Zaïre. Miziki iliyovuma ni ya Franco na OK Jazz, Tabu Ley, Mbilia Bel na Zaïko Langa Langa, kwa redio ya betri au kwa kasete. Aliimba Lingala hata kama nyumbani waliongea Kibembe.

Mtu wa miaka 40 alikuwa bado mtoto wakati vita ya 1996 ilipofika. Watu wengi walivuka Ziwa Tanganyika mpaka mkoa wa Kigoma, katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Masikio yao yalifanyika kule: Kiswahili cha Tanzania, kwaya za kambini, na Bongo Flava ya Lady Jaydee, Juma Nature na Mr Nice. Tangu mwaka wa 2005, meli zilianza kurudisha watu Baraka, na Lugufu ilifungwa mwaka wa 2009. Walirudi na mizigo yao, na nyimbo zao pia.

Mwenzao wa umri ule ule aliyebaki huku anakumbuka mengine: Koffi Olomide, Wenge Musica iliyopasuka mwaka wa 1997, au miezi mizima ya kukimbia porini bila muziki wowote. Ndiyo maana hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kukosa wimbo wa ujana wa kuimba pamoja.

Vijana wa leo wanachanganya yote katika simu moja: Diamond, Fally Ipupa, na Innoss'B, mtoto wa Goma.

Wokovu nao unabadilisha

Si umri tu. Watu wengi wakiokoka wanaacha kile wanachoita muziki wa dunia na kushika nyimbo za Mungu. Hata hivyo, wimbo wa zamani ukipita njiani, mguu unaweza kucheza bila ruhusa ya mwenyewe.

Kinachoweza kupotea

Kama masikio yanafanyika katika ujana, basi wimbo ambao kijana hakuusikia unaweza kufa pamoja na wazee. Hapo ndipo hatari iko kwa nyimbo za Kibembe na za lugha zingine za Fizi: za kulima, za kubembeleza watoto, za ndoa, za matanga. Nyingi hazikuingia hata kwa kasete. Aliyekulia kambini, mbali na kijiji cha babu yake, alikosa nafasi ya kuzisikia kila siku.

Lakini mlango haujafungwa. Mwaka wa 1968, mtaalamu Robert Zajonc alionyesha kwamba kitu ambacho mtu anakutana nacho mara nyingi kinaweza kuanza kumpendeza. Mjukuu akisikia wimbo wa bibi yake mara moja, atacheka. Akiusikia mara ishirini, pengine ataimba.

Simu ile ile yenye kupiga Diamond inaweza kurekodi sauti ya bibi. Kinachotakiwa ni kuomba ruhusa yake, kisha kuandika jina la wimbo, kijiji ulikotoka, na ulikuwa unaimbwa wakati gani. Bila hayo, kesho hakuna atakayejua kama ulikuwa wa ndoa ao wa matanga.