Kati ya misururu yote ya enzi ya PS3, mimi nachukua Souls

Wasee, tuweke sheria kwanza ndio tusipigane bure. Kizazi cha saba cha konsoli ni Xbox 360 iliyotoka Novemba 2005, halafu PS3 na Wii zikafuata Novemba 2006. Swali ni msururu mpya, yaani ule uliozaliwa ndani ya kizazi hicho. Kwa hivyo GTA iko nje. God of War iko nje. FIFA hata usinitajie. Na wewe wa Call of Duty, hiyo ilianza 2003, kaa chini.

Hata ukitoa hizo, orodha bado ni noma. Angalia tu 2007. BioShock ilikuja Agosti, kisha Assassin's Creed, Uncharted na Mass Effect zikamwagika zote Novemba ndani ya siku nane. Gears of War ilikuwa imetangulia mwaka mmoja, Dead Space ikaja 2008. Manze, siku hizi tunangoja miaka sita ndio tupate namba ya pili ya kitu kimoja.

Wengi niliokua nao mtaani wangechukua Assassin's Creed bila kufikiria mara mbili, na nawaelewa. Kuruka paa za Venice ukiwa Ezio ni raha ambayo haijazeeka. Lakini ule msururu uligeuka kazi ya kiwanda. Kufika Novemba 2014 walitoa gemu mbili siku moja, Unity na Rogue, na Unity ikafika ikiwa na makosa hadi sura za watu zinapotea zinabaki macho na meno. Uncharted ni tamu, lakini ukiimaliza umeimaliza, kama filamu. Mass Effect walivuruga mwisho wa ile ya tatu mwaka 2012, kelele ikawa kubwa hadi wakatoa nyongeza ya kuueleza huo mwisho. Kila moja ya hizi nimeipenda. Hakuna hata moja ambayo ilibadilisha venye watu wengine wanatengeneza gemu kama ile ninayoitaka.

Yangu ni Souls. Na nitaanzia Demon's Souls ya 2009, si Dark Souls ya 2011, kwa sababu ukianzia katikati utakosa sehemu nzuri zaidi ya historia, ile sehemu ambapo hakuna mtu aliyeitaka.

FromSoftware ya Tokyo ilikuwa kampuni ya kati tu, inajulikana kwa maroboti ya Armored Core. Ndani yake kulikuwa na mradi wa kutengenezea Sony gemu ya mapanga na majoka, na mradi ulikuwa unakufa. Jamaa mmoja anaitwa Hidetaka Miyazaki akasikia. Huyu alikuwa ameingia kampuni mwaka 2004 akikaribia miaka 30, akitoka Oracle, baada ya kucheza Ico na kuamua hii ndio kazi anataka. Amesimulia mwenyewe kwamba hesabu yake ilikuwa rahisi: mradi tayari unahesabiwa umeanguka, kwa hivyo akiuchukua anaweza kufanya chochote, na ukianguka hakuna atakayeshangaa. Hiyo ndio ilimpa uhuru.

(Watu wa motisha wanapenda sana kunitumia hii hadithi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nikiandika kuhusu pesa tu, mtu ananiambia, "Miyazaki pia alianza kuchelewa." Boss, Miyazaki alimaliza Keio, akawa na kazi nzuri, kisha akakubali mshahara mdogo kwa hiari. Hatufanani.)

Kuna kitu kingine kumhusu ambacho nadhani ni muhimu kuliko umri wake. Alikulia Shizuoka, nyumbani hakuna pesa za vitabu, anaazima maktaba. Alikuwa anasoma hadithi za Kiingereza ambazo hazielewi zote, pale anapokwama anajijazia mwenyewe kichwani. Sasa cheza gemu zake uone. Hakuna anayekukalisha chini akueleze. Hadithi iko kwa maelezo ya pete na upanga, nusu nusu, na iliyobaki unajijazia. Sisi tuliotazama filamu za Kikorea bila tafsiri kwa jirani tunajua hiyo hali.

Basi gemu ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya Tokyo mwaka 2008 na ikapokelewa vibaya. Shuhei Yoshida, aliyekuwa bosi wa studio za Sony duniani, amesimulia kwamba aliicheza karibu saa mbili, hakutoka pale mwanzo, akaona ni gemu mbaya kabisa. Sony Japani wakaitoa Februari 2009. Marekani? Sony wakakataa kuiuza.

Hapa ndipo watu wa kawaida walifanya kazi ambayo kampuni ilikataa. Toleo la Asia lilikuwa na maandishi ya Kiingereza, na diski ya PS3 ya nchi moja inacheza kwa PS3 ya nchi nyingine. Wachezaji Marekani na Ulaya wakaanza kuiagiza kutoka huko na kuambiana. Atlus, kampuni ndogo, ikachukua nafasi na kuitoa Marekani Oktoba 2009. Miezi michache baadaye GameSpot wakaipa tuzo ya gemu ya mwaka. Ulaya walingoja hadi Juni 2010. Mwaka mzima na zaidi, wakisukumwa na maneno ya mdomo tu.

Kwa nini watu walihangaika hivyo? Kama hujawahi kucheza, mpango ni huu. Kila adui unayemuua anakupa roho, na hizo roho ndizo pesa na ndizo nguvu zako. Ukifa, zote zinabaki pale ulipofia. Unarudi mwanzo, maadui wote wamefufuka, na una nafasi moja ya kufika pale uziokote. Ukifa njiani, zimeenda. Hakuna kulia. Kwa hivyo kila hatua unapiga hesabu: niendelee mbele nikiwa na hizi roho elfu kumi ama nirudi nizitumie? Gemu nyingi za wakati huo zilikuwa zinakushika mkono, mshale hapa, maelezo pale, ukikosea unarudishwa hatua mbili nyuma kama hakuna kilichotokea. Hii ilikuacha ukosee na kukulipisha.

Na ndio maana haikuingia vibanda vya PS mtaani kwetu. Fikiria biashara. Unalipia mechi ama unalipia muda. FIFA kwa bob kumi unajua utapata nini. Sasa gemu ya kukuua kila dakika mbili, na ukiondoka jamaa mwingine anakaa kwa kontrola, nani atailipia? Nyuma yako kuna vijana wanne wanakucheka. Wengi wetu tuliijua kwanza kwa video za YouTube, tukiangalia mzungu fulani akipiga mayowe, kabla ya kupata PS3 ya mkono wa pili.

Kuna kitu ambacho kwa video haikuonekana vizuri, na kwangu ndicho kinaiweka juu ya Uncharted na wenzake. Miyazaki amesimulia kwamba siku moja theluji nyingi ilianguka, magari yakakwama kwenye mlima. Gari la nyuma likaanza kusukuma la mbele, hivyo hivyo, hadi yeye akavuka. Hangeweza kusimama kushukuru maana angekwama tena. Akabaki akijiuliza kama yule wa mwisho kabisa kwa foleni alifika nyumbani. Kutoka hapo akatoa wazo la intaneti ya gemu yake. Unaona vivuli vya wachezaji wengine wakipita. Unaona doa la damu, ukiligusa unaona venye mtu alikufa pale. Unasoma ujumbe chini, mtu amekuachia onyo kuhusu shimo, ama amekudanganya uruke. Hamuongei. Mnasaidiana na kupita.

Dark Souls ilikuja Septemba 2011, jina jipya kwa sababu lile la kwanza ni mali ya Sony, na safari hii Namco Bandai wakaiuza kwa konsoli zote mbili. Kuna wanaosema kwa hiyo sababu Demon's Souls haiko kwa msururu. Hizo ni hesabu za mawakili. Mkono ni ule ule. Ile lifti ya kanisani inayoshuka ikakurudisha Firelink Shrine, mahali ulipoanzia masaa mengi nyuma, ndio ramani bora nimewahi kutembea ndani yake. Wala sisemi haina madoa. Blighttown kwa PS3 picha zilikuwa zinakwama hadi unahisi konsoli inaomba msamaha. Na nusu ya pili inaonekana wazi walikimbizwa na muda, ukifika Lost Izalith utaniambia.

Toleo la kompyuta lilikuja Agosti 2012 baada ya mashabiki kuomba kwa saini, na likaja bovu, picha imefungwa kwa ukubwa mdogo. Shabiki mmoja anayejiita Durante akaachia dawa ya bure karibu papo hapo. Tena watu wa kawaida.

Baadaye kila mtu akaanza kuiga: roho zinazoachwa chini, moto wa kupumzikia, bosi wa kukutoa jasho. Tuzo za Golden Joystick za 2021 zikaipa Dark Souls jina la gemu bora ya wakati wote, kwa kura za mashabiki. Elden Ring, mtoto wao wa 2022, ikauza nakala zaidi ya milioni 20 ndani ya mwaka mmoja.

Ile ya kwanza haikungoja sherehe. Tarehe 28 Februari 2018 seva za Demon's Souls zilizimwa. Ukiiweka kwa PS3 leo itacheza sawa, mapango yako pale, majoka yako pale, lakini chini ni safi. Hakuna ujumbe, hakuna doa la damu la mtu mwingine. Wewe peke yako mlimani. Mashabiki wameunda seva zao za kuirudisha, ila hiyo si kazi ya kila mtu.

Na Sony? Novemba 2020 wakazindua PS5, na kati ya gemu za siku ya kwanza walizoweka mbele kabisa ilikuwa Demon's Souls, imejengwa upya na Bluepoint. Agosti 2022 wakanunua asilimia 14 ya FromSoftware. Ile kampuni ambayo gemu yake walikataa kuiuza Marekani.