Mario na betri za Bibi

Nimerudi. Nilipotea kwa sababu ya testi mbili na ripoti moja, halafu bumu nalo likachelewa, basi hata hela ya bando ikawa mtihani mwingine. Wiki hii nimepumua kidogo. Tatizo ni kwamba mwenzangu wa chumbani kaniletea balaa: kapata Nintendo DS ya mtumba, nyeupe, kona moja imemeguka, na ndani yake kuna kaseti ya New Super Mario Bros. ya mwaka 2006. Kwetu sisi wawili ni gemu mpya kabisa, maana hakuna aliyewahi kuigusa. Tumekesha nayo kwa zamu. Asubuhi badala ya kusoma desa nikajikuta naandika historia. Wanaonijua wanajua ndiyo kozi iliyonirudisha shule na uzee wangu huu.

Niseme kwanza nilivyoiona. Ni tamu, jamani. Mario anakimbia kuelekea kulia kama zamani, ila sasa anaruka kutoka ukuta hadi ukuta. Kuna uyoga unaomfanya ajae kioo kizima, akapita akibomoa mabomba kama tingatinga. Kuna mwingine unaomfanya kadogo hadi anakimbia juu ya maji. Dunia zipo nane, lakini ya 4 na ya 7 huzifikii mpaka umpige bosi wa dunia ya 2 na wa dunia ya 5 ukiwa ka-Mario kadogo. Hilo lilituchukua saa nzima na matusi kadhaa. Lawama yangu: ni rahisi mno, roho za ziada zinamwagika kama mchele. Na mpaka uimalize mara ya kwanza, huhifadhi mchezo pale unapotaka. Mara nyingi usubiri umalize mnara au ngome. Umeme ukakatika, chaji ikaisha, hatua tatu zikaenda na maji.

Sasa historia. Gemu hii ilipotoka mwaka 2006, ilikuwa imepita miaka 14 tangu Nintendo watoe Mario mpya wa aina ile ya kukimbia pembeni. Wa mwisho alikuwa Super Mario Land 2 wa mwaka 1992. Game Boy Advance ilipokuja 2001 walitupa Mario wa zamani waliopakwa rangi upya. Kumbe watu walikuwa na njaa: New Super Mario Bros. iliuza zaidi ya nakala milioni 30.

Lakini mimi moyo wangu uko kwa mwanzo wenyewe, Super Mario Land, iliyotoka Japani tarehe 21 Aprili 1989, siku moja na Game Boy. Kuna mashabiki wanaoiita Mario wa kando, kwa sababu Shigeru Miyamoto, baba wa Mario, hakuwemo. Ilitengenezwa na timu ya Gunpei Yokoi, na mwongozaji alikuwa Satoru Okada. Ndiyo maana ni ya ajabuajabu. Ukimkanyaga kobe, gamba linalipuka. Ua halikupi moto, linakupa mpira unaodundadunda. Hatua zipo 12 tu, mara unaendesha nyambizi, mara ndege. Na falme zake! Moja inaitwa Muda, nyingine inaitwa Chai. Naapa sijatunga. Hazihusiani na Kiswahili. Muda ni ya baharini na Chai imechorwa Kichina-Kichina. Ila mimi nikiwa na miaka tisa niliamini kabisa kwamba mtengenezaji alikuwa mtu wa pwani. Gemu zima linakaa kwenye kilobaiti 64. Picha moja ya simu yako ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Huyu Yokoi ndiye ninayetaka mumjue. Aliingia Nintendo mwaka 1965, akawekwa kwenye matunzo ya mashine za kutengenezea karata. Baadaye akaunda Game & Watch mwaka 1980, baada ya kumwona mtu kwenye treni anaua muda kwa kubonyeza kikokotoo. Kitufe cha msalaba mnachobonyeza leo kwa dole gumba kimetoka kwake, mwaka 1982. Falsafa yake ilikuwa kuchukua teknolojia iliyozeeka, ya bei nafuu, inayojulikana vizuri, na kuitafutia kazi mpya. Kwa hiyo Game Boy ikawa na kioo kisicho na rangi, vivuli vinne vya kijani kilichofifia, bila taa. Washindani wakacheka. Atari Lynx ya 1989 na Game Gear ya 1990 zilikuwa na rangi na mwanga, ila zilikula betri sita ndani ya saa chache. Game Boy ilikula nne, na ikaenda zaidi ya saa kumi. Yokoi alikufa kwa ajali ya barabarani mwaka 1997.

Betri nne. Hapo ndipo penye yangu.

Mwaka 1999, kijijini kwetu Korogwe, binamu alirudi kutoka Muscat na Game Boy iliyochubuka na kaseti hiyo moja. Akaniachia. Betri sikuachiwa. Bibi alikuwa na redio ndogo iliyotumia betri nne saizi ileile, na aliisikiliza kwa vitu viwili: taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Nikabadilisha. Zangu zilizokufa nikaziweka kwenye redio, zake nikazitia kwenye Game Boy, nikawa nacheza usiku nimesogelea koroboi mpaka nywele zinaungua. Siku tatu. Siku ya tatu nikafika ufalme wa Chai kwa mara ya kwanza maishani.

Asubuhi yake akaja mtu kutoka Lushoto na baiskeli. Mdogo wake Bibi alikuwa ameshazikwa. Tangazo lilisomwa mara mbili redioni.

Bibi hakunishuku. Alikwenda dukani kugombana na muuza duka kwamba kamuuzia betri feki, na yule mzee, ili yaishe, akampa nyingine bure. Nilikuwa nimesimama pale pale nimeshika kapu. Bibi akanigeukia, "Mjukuu wangu, watu wa siku hizi hawana haya." Nikasema ndiyo, Bibi. Alifariki 2011 na sikuwahi kumwambia.

Kwa hiyo wasomi wanapoandika kwamba Game Boy ilishinda kwa sababu haikuwa na uchu wa betri, mimi nakubali, ni kweli tupu, washindani wake wangemaliza redio ya Bibi kwa usiku mmoja. Ila naona hesabu hiyo ina upande ambao haumo vitabuni. Kuna nyumba nyingi ambazo betri zile nne zilikuwa na kazi nyingine.

Game Boy yenyewe ipo nyumbani Korogwe, ndani ya kopo la maziwa. Betri nilizitoa. Mwenzangu ananiita, ni zamu yangu, tuko dunia ya 5 na taa ya DS imeshageuka nyekundu.