Kugawanya kwa Sifuri

Fungueni daftari zenu. Juma lililopita tuligawanya ndizi za soko la Tengeru: ndizi 12 kwa watu 3, kila mtu 4. Je, ikiwa hakuna hata mtu mmoja, kila mtu atapata ngapi? Msijibu upesi. Swali hili liliwasumbua wakubwa.

Neno letu sifuri tulilipata kwa Waarabu, nao hesabu yake waliipata kwa Wahindi. Mwaka 628 mtaalamu wa Bara Hindi, Brahmagupta, aliandika kwamba sifuri ikigawanywa kwa sifuri jibu ni sifuri. Yapata mwaka 1150 Bhaskara, Mhindi vilevile, akasema namba ikigawanywa kwa sifuri huwa kitu kisicho na mwisho. Jaribuni wenyewe. 12 kwa 3 ni 4, maana 4 mara 3 ni 12. Namba gani mara sifuri itakuwa 12? Hakuna. Na namba gani mara sifuri itakuwa sifuri? Zote! Basi huko nako hakuna jibu moja.

Ubishi huo ukaingia katika kompyuta. Kompyuta hupewa maagizo kwa lugha zake, na kila lugha ina shauri lake. Python huikataa hesabu hiyo na kutaja kosa. JavaScript, ukiiuliza 12 kwa sifuri, hujibu "isiyo na mwisho", kwa kufuata kanuni za desimali zilizotolewa mwaka 1985. Pony, ikigawanya namba nzima, hujibu sifuri na kuendelea kana kwamba hakuna neno. Hili mimi silipendi: karani anayeandika sifuri mahali pa "haijulikani" huharibu kitabu kizima.

Lakini kukataa nako kuna hatari yake. Tarehe 21 Septemba 1997 baharia wa manowari ya Marekani, Yorktown, alitia sifuri katika kompyuta. Programu ikagawanya kwa sifuri hiyo, mitambo ikakwama, injini zikazimika, na manowari ikakaa baharini zaidi ya saa mbili bila nguvu. Ilifaa hesabu ile moja isimame na mtu aambiwe, si meli nzima isimame. Kwa hiyo anayeandika programu, awe katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyozinduliwa pale Tengeru mwaka 2012 au penginepo, yampasa kuuliza kwanza: kigawanyo ni sifuri?

Kazi ya nyumbani. Karani wa ushirika hutafuta wastani wa kilo za kahawa kwa kila mkulima aliyeleta. Juma hili hakuna aliyeleta: kilo 0, watu 0. Andikeni kwa maneno yenu ataandika nini daftarini. Kwaherini.