Kanisa la Inland Usukuma: Kutoka Nassa Hadi Machimbo ya Rwamgasa

Msomaji atakayeifungua historia ya Kanisa la Africa Inland Tanzania akitazamia habari za maelfu waliomiminika ubatizoni, kama zilivyo habari za Buganda, ng'ambo ya kaskazini ya Ziwa Viktoria, ataghadhibika upesi na kukifunga kitabu. Kusini mwa ziwa mambo yalikwenda kwa hatua za mgonjwa anayejifunza upya kutembea. Mmisionari Alexander Mackay, aliyefukuzwa Buganda mwaka 1887, alifia Usambiro mwezi wa Februari 1890, mbegu zake hazijaota. Na kituo cha Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, kilichokuwa chini ya Church Missionary Society kwa takriban miaka ishirini, kilikabidhiwa mwaka 1909 kwa Africa Inland Mission, yaani shirika lililoanzishwa na Peter Cameron Scott mwaka 1895, lililozaa kanisa hili. Emil Sywulka na mkewe waliokipokea walirithi kundi dogo la waumini, na nchi kubwa isiyokuwa na haja nao.

Haja haikuwapo kwa sababu zilizo wazi. Msukuma wa zama zile alikuwa na masamva, mizimu ya wahenga aliowatambikia apatapo dhiki. Alikuwa na ng'ombe wake, na wake ambao kila mmoja alikuwa na shamba lake. Na baada ya mavuno alikuwa na mashindano ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, yaliyokusanya umati ambao hakuna mhubiri aliyeuota. Aliambiwa aache mitala, pombe, tumbaku na ngoma ndipo abatizwe. Alisikiliza kwa adabu, kisha akarejea maskani kwake. Kwa insafu ya historia ni lazima nikiri kwamba baadhi ya masharti hayo, na hasa lile la ngoma, yalimtwika mtu mzigo ambao Injili yenyewe haikumtwika, na miaka mingi ilipotea katika ikhtilafu ambayo ingaliweza kuepukwa.

Lugha nayo haikukubali haraka. Sehemu ya kwanza ya Maandiko kwa Kisukuma ilichapishwa mwaka 1895, Agano Jipya likafuata 1925, na Biblia nzima haikupatikana mpaka 1960. Hata mtoto aliyezaliwa siku ya chapa ya kwanza alikwisha kuwa mzee wa miaka sitini na mitano alipoweza kuishika yote mkononi mwake.

Mahali ambapo subira ya kazi hii ilionekana dhahiri ni Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, ambako misheni ilianzisha hospitali mwaka 1913, na ambapo Daktari Nina Maynard alitumika kwa miaka mingi. Huko wakoma, waliotengwa na jamaa zao, walipata makazi. Kabla dawa ya dapsone haijajulikana, tiba ya ukoma duniani kote ilikuwa mafuta ya chaulmoogra, yaliyodungwa kwa sindano juma kwa juma, maumivu yake mengi na faida yake haba. Na muuguzi aliyeosha kidonda leo, akakifunga kitambaa safi, alijua kuwa kesho atakikuta kimelowa vilevile. Hakukuwa na takwimu ya kupeleka ng'ambo kwa wafadhili. Walakini katika uoshaji huo wa vidonda ndimo walimofunzwa vijana wa Kisukuma walioeneza uuguzi vijijini, na leo Kolandoto ina chuo cha afya. Almasi za Mwadui, alizozivumbua John Williamson mwaka 1940, ziko jirani tu. Nami nayahesabu makazi yale ya wakoma kuwa tunu kubwa zaidi ya nchi ile.

Ukanda wa Geita ulileta mtihani wa namna nyingine. Mgodi mkubwa wa kale ulifungwa mwaka 1966, na serikali ilipolegeza masharti ya biashara ya madini katika miaka ya 1980, wachimbaji wadogo walifurika Rwamgasa na vitongoji vyake. Mwaloni, yaani mahali pa kusafishia dhahabu, mawe husagwa kwenye karasha, unga wake ukaoshwa juu ya mteremko uliotandikwa magunia, kisha mtu, aghalabu kwa mikono mitupu, huukanda na zebaki ndani ya karai na kulichoma donge juu ya makaa, moshi wa sumu ukiingia kifuani mwake na mwa watoto walio karibu. Tena kuanzia takriban mwaka 2007 Kanda ya Ziwa iliaibishwa na mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao waganga waliviuza kuwa dawa ya bahati machimboni na ziwani. Mauaji hayo yalitokea katika nchi iliyokwisha kuhubiriwa kwa zaidi ya karne, na hapana budi kila kanisa la Usukuma lijiulize mahubiri yake yalifika wapi.

Mkulima wa Nassa, hata akikataa, alikuwapo mwakani kusikiliza tena. Mchimbaji hayupo. Ikisikika rashi, yaani habari za dhahabu mpya, mahali pengine, kwaya hupungua nusu kabla ya Jumapili, na mwinjilisti huanza upya na wageni. Wenye kufuata utaratibu huchukua barua ya utambulisho kwa ajili ya kanisa la huko waendako, Kahama, Bukombe au mbali kama Chunya. Na kwa kuwa jina lifutwalo daftarini hapa huandikwa kule, kanisa la machimboni laweza kuonekana halikui, ilhali watu liliowalea wanafungua ibada chini ya maturubai ya machimbo mapya.