Injini iliyobuniwa kwa wasiobadilisha oili

Umewahi kuchomoa plagi ya pikipiki ya zamani pale Mwanjelwa ukaikuta nyeusi kama sufuria ya kuni? Usikimbilie kulaumu petroli. Tuanzie mbali kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Honda walikuwa wanauza Asia pikipiki za sisi 125 zenye kamshafti juu kwenye kichwa cha injini, inayozungushwa na cheni. Injini nzuri, ila cheni ile inataka oili safi. Mtaani watu walipakia mizigo kupita kiasi, oili wakaisahau, wengine wakang'oa hata filta ya hewa. Wahandisi walipokwenda kujionea, wangeweza kusema wateja ni wazembe, wakarudi zao nyumbani. Badala yake walibadilisha injini. Katikati ya muongo huo ikatoka CG125: kamshafti imeshushwa chini, inazungushwa na gia, na fimbo mbili ndizo zinazopeleka mwendo hadi kwenye valvu. Ni ufundi wa zamani, lakini hakuna cheni ya kulegea humo ndani. Mwaka 1976 kiwanda cha Honda cha Manaus, Brazil, kilianza nayo. Baadaye viwanda vya China vikaiga injini hiyo, na nakala zake zikaja kwetu kwa wingi bodaboda ziliposhika kasi. Kwa hiyo "Mchina" wa mjomba wako pale Ipogolo huenda ana babu Mjapani.

Ndiyo maana tapeti zake unaziseti mwenyewe nyumbani. Injini iwe baridi kabisa, pistoni iwe juu, valvu zote mbili ziwe zimefungwa. Kwa CG125 ya Honda nafasi ni milimita 0.08, nyembamba sana. Nakala nyingine zina kipimo chao, uliza kwanza.

Sasa turudi kwenye plagi. Mbeya mjini ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huku ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar es Salaam. Hewa inayoingia kwenye kabureta inapungua, lakini petroli haipungui kwa kiwango hichohicho. Mchanganyiko unakuwa mzito, sehemu ya petroli haiungui vizuri, masizi yanaganda kwenye plagi.

Mimi nilitafuta njia ya mkato: nikang'oa filta ili hewa iingie zaidi. Pikipiki ikavuta vizuri kweli! Nikatamba nayo miezi kadhaa kwenye vumbi la Chunya, mpaka ikaanza kutoa moshi wa bluu. Ringi zimelika, bloku imechimbika, na hela ya utafiti wangu ikaishia dukani kwa muuza spea. Yaani kosa lilelile la miaka ya 1970, na hakuna mhandisi aliyeweza kunikinga nalo.

Njia sahihi ni hii: filta ibaki, isafishwe. Fungua kabureta, toa sindano, kisha hamisha klipu yake mfereji mmoja juu ili sindano ishuke na petroli ipungue. Endesha siku mbili, chomoa plagi tena. Ukiona rangi ya kahawia, umepatia. Ukishuka Kitonga kwenda kukaa Morogoro au Dar, rudisha klipu ilipokuwa, maana kule hewa ni nyingi na mchanganyiko mwepesi unachemsha injini.