Sindano na Uzi: Historia ya Kudarizi Katika Nchi Yetu



Kwa toleo hili la kumbukumbu, kamati ilituomba sisi walimu tuandike historia fupi ya jambo moja tulilokuja nalo kutoka Kongo. Tumechagua kudarizi, kazi ambayo wengi wetu kule nyumbani tuliizoea kwa jina la broderi. Jioni, mtu akipita katikati ya nyumba zetu huwaona akina mama na wasichana wakipamba mashuka, foronya na vitambaa vya meza kwa sindano na nyuzi za rangi. Mara nyingi tumesikia ikisemwa kwamba kazi hiyo tuliletewa na masista, na kwamba ni ya kupitisha wakati tu. Maneno hayo yote mawili yanahitaji kusahihishwa.

Ni kweli kwamba nyuzi za dukani, fremu ya mbao ya duara, mshono wa mnyororo na mshono wa msalaba vilienea kwetu kwa njia ya shule za misheni. Vilienea pia kwa njia ya vituo vya akina mama vilivyoitwa foyer social, ambavyo Wabelgiji waliviendesha katika miji ya Kongo, na hata Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, katika miaka ya 1940 na 1950. Humo wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kutia viraka, kupika, kupiga pasi na kulea watoto. Bibi zetu wengi walipitia huko, nasi tunawashukuru waliowafundisha. Lakini sindano ilikuwapo kabla ya vituo hivyo.

Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno mmoja aitwaye Duarte Pacheco Pereira aliandika habari za vitambaa vya ufalme wa Kongo, vilivyotengenezwa kwa nyuzi za majani ya mitende na kuwa na manyoya laini kama mahameli. Alivisifu kwamba hata Italia havikutengenezwa vizuri kuliko hivyo. Ufundi wa namna hiyo umedumu hadi leo kwa Wakuba wa Kasai, kati ya mito ya Kasai na Sankuru. Wengi wetu katika kambi hii si Wakuba, bali ni watu wa mashariki. Hata hivyo ufundi huo ni wa nchi yetu na yafaa tuujue.

Kazi huanzia kwa wanaume. Wao hukata majani machanga ya mwale, yaani ule mtende ambao wengine huuita rafia, huyachana yawe nyuzi nyembamba na kuzifuma. Kwa kuwa uzi hauwezi kuzidi urefu wa jani, kitambaa hutoka katika vipande vidogo. Hapo wanawake hupokea. Hukitwanga kitambaa kinuni mpaka kilainike, kisha hutia rangi nyuzi za kudarizia. Rangi nyekundu hutokana na unga wa mti uitwao nkula.

Mshono wenyewe ni huu. Mwanamke hupitisha uzi chini ya uzi mmoja wa kitambaa, huuvuta mpaka kibaki kishungi kifupi, kisha huukata upande wa pili kwa kisu kidogo chenye makali. Hapigi fundo. Vishungi hushikwa na kubana kwa nyuzi za kitambaa, basi. Vikijaa, kitambaa huwa kama mahameli. Washoowa, watu wa ufalme huohuo wa Wakuba, ndio wanaosifika zaidi kwa mshono huu. Fundi hachori kwanza, maana mchoro umo kichwani mwake. Kipande kimoja chaweza kuchukua miezi mingi, kwa kuwa hushonwa kati ya shamba na jiko.

Masimulizi ya Wakuba husema kwamba ufundi huu uliingizwa na mfalme wao Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala katika karne ya 17. Vitambaa vya mwale vilitumika kulipa mahari na kodi ya mfalme, tena vilikuwa fedha ya sokoni. Sketi ndefu za sherehe zilikuwa na urefu wa mita kadhaa. Sketi ya namna hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Wanawake wa ukoo walidarizi vipande mbalimbali, kila mmoja kwa mkono wake, halafu vikaunganishwa. Na mtu alipofariki, alivishwa vitambaa hivyo kabla ya kuzikwa, ili wazee waliotangulia wamtambue kuwa ni mtu wao. Sisi ambao tumesimama foleni mara nyingi na karatasi mkononi ili tutambuliwe, twaelewa uzito wa jambo hilo.

Wala ufundi huo haukuwa wa kurudia ya kale tu. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki. Injini haikumshangaza. Kilichompendeza ni alama za magurudumu mchangani, akaagiza zinakiliwe ziwe nakshi mpya, nayo ikapewa jina lake.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo twaomba kila msomaji alifikirie. Mwaka 1892, mmisionari Mmarekani mweusi, William Sheppard, alifika mji mkuu wa Wakuba. Vitambaa alivyokusanya vimo katika jumba la makumbusho la Hampton, Virginia, nchini Marekani. Mwaka 1908 alifika Emil Torday, na alivyokusanya vimo katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London. Majina ya wakusanyaji hao yameandikwa na watu huyasoma hadi leo. Majina ya wanawake waliokaa miezi na sindano, kwa jumla, hayakuandikwa. Kazi yao imehifadhiwa vizuri, lakini wao wenyewe hawajulikani.

Nasi hapa kambini twafanya vivyo hivyo. Shuka likimalizika huuzwa au hutolewa zawadi kwa mgeni, naye huondoka akisema ni kazi ya wakimbizi. Hajui kama ni ya mama fulani wa mtaa fulani, ambaye alijifunza kwa bibi yake Uvira, Fizi au Kalemie. Kwa hiyo sisi walimu twapendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila kikundi cha akina mama kiwe na daftari la kuandika jina la fundi, jina la nakshi, na aliyemfundisha. Asiyejua kuandika tutamwandikia sisi, au mtoto wake wa shule. Pili, kila fundi ashone jina lake au herufi zake kwenye pindo la kazi yake kabla haijatoka mkononi mwake. Tatu, wavulana wasifukuzwe penye kazi hii. Kwa Wakuba mfumaji ni mwanamume, na mkono wa mwanamke hauna pa kuanzia bila yeye.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, ombi letu ni dogo. Mnaponunua kitambaa, ulizeni ni nani aliyekidarizi, na mlichukue jina hilo pamoja na kitambaa. Daftari za kwanza zitapatikana kwa walimu, shuleni, siku za kazi baada ya masomo. Akina mama wote mnakaribishwa, na mje na kazi zenu za zamani kama bado mnazo.